Ndege za vita vya zamani kwenye filamu: ya kweli, kaimu, mfano au kompyuta?

Isimamishe Dunkirk (2017), filamu ya Vita vya Pili vya Dunia, pale ndege ya Kijerumani inapokatiza karibu na kamera, kisha itazame pua yake. Messerschmitt 109 ya kweli ilikuwa na injini iliyofungwa kichwa chini, silinda zikielekea ardhini, kwa hiyo mabomba yake ya moshi yalijipanga chini karibu na tumbo. Hii unayoiona mabomba yake yako juu, usawa wa macho ya rubani, na kidevu chake kimefura. Ni Buchón, ndege iliyoundwa Uhispania kwa umbo la Messerschmitt lakini ikafungwa Merlin ya Waingereza, injini ya ukoo mmoja na ile iliyo ndani ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, inayoikimbiza. Jina Buchón ni la njiwa anayefurisha kifua, na ukikitazama kidevu kile huhitaji maelezo zaidi. Watazamaji walio wengi hawakugundua, na hadithi haikupungukiwa na kitu.

Nimeanza na pua hiyo kwa sababu vijana wetu wanaoandika skripti za kihistoria huniuliza swali lenye majibu mawili tu: tutafute ndege ya kweli, au tutengeneze kwenye kompyuta? Katikati ya hayo mawili kuna njia nyingine mbili zilizobeba mzigo mkubwa wa filamu za vita tangu zamani. Kuna ndege kaimu, yaani ndege nyingine iliyovishwa sura ya ile inayotakiwa, na kuna mfano wa ukubwa kamili ambao hauondoki ardhini. Nitazilinganisha zote nne, ila si kwa kipimo kimoja, kwa kuwa hazina uzito mmoja. Niseme mapema ninakoegemea: kwa mtu anayehesabu kila shilingi, kaimu ndiye wa kufikiriwa kwanza. Tena iko hadithi moja ya kwetu ambamo kaimu huyo anageuka kuwa ndege yenyewe.

Ya kweli

Unachokinunua kwa ndege ya kweli ni uzito. Tani kadhaa za chuma na bati zikipinda angani, mwanga hukimbia juu ya bawa kutoka shinani hadi ncha, moshi mwembamba huachwa nyuma, na ndege huyumba kidogo kwa upepo ambao hakuna aliyeupanga. Mtazamaji hawezi kuyataja hayo moja moja, lakini jicho lake linayajua. Mwaka 1988, katika tamthilia ya televisheni ya Uingereza iitwayo Piece of Cake, rubani Ray Hanna aliipitisha Spitfire chini ya upinde wa daraja la mawe la Winston, kaskazini mwa England. Ni ndege, mto, daraja, na rubani anayejua upana wa mabawa yake. Hadi leo watu wanakitafuta kipande hicho na kukirudia.

Tamthilia hiyohiyo ina funzo la upande wa pili. Riwaya iliyoizaa inasimulia kikosi cha ndege za Hurricane. Hurricane zenye uwezo wa kuruka hazikutosha, basi kikosi kikapewa Spitfire, na hadithi ikafuata ndege zilizopatikana. Memphis Belle (1990) nayo ilifanya hivyo. Hadithi yake ni ya mwaka 1943, wakati kazi ya kuzisindikiza ndege za mabomu kutoka Uingereza ilikuwa ya P-47 na Spitfire, lakini kwenye filamu wanaosindikiza ni Mustang, ndege ya kivita ya Marekani, kwa kuwa Mustang ndizo zilizokuwepo. Anayetaka ndege ya kweli na ajiulize kwanza ataipata ipi, ndipo aandike onyesho lake.

Tuseme uko mahali zinapopatikana zote mbili, Spitfire na Mustang. Kwa uzuri Spitfire haina mpinzani. Mabawa yale yenye umbo la yai yanatambulika hata yakiwa kivuli tu juu ya nyasi. Kwa kazi ya kamera, hata hivyo, ina masharti. Ikiwa ardhini, pua yake ndefu humziba rubani, kwa hiyo anaiendesha kwa kuyumba kushoto na kulia ili aone aendako. Magurudumu yake yamekaribiana, na upepo wa ubavuni huisumbua. Tena injini hupata joto haraka ikiwa imesimama, maana rejeta ziko chini ya mabawa na hazipati upepo wa kutosha mpaka ndege iwe angani. Mwongozaji aliyezoea kusema tusubiri kidogo wingu lipite atageuka na kukuta rubani amezima injini, na ana haki.

Mustang imetanua miguu, inabeba mafuta mengi zaidi, kwa hiyo inakaa angani muda mrefu mkirudia shoti. Kioo chake kilichovimba kama tone la maji huonyesha uso wa rubani kutoka karibu pande zote, jambo ambalo mpiga picha atakushukuru kwalo. Steven Spielberg alipotengeneza Empire of the Sun (1987), Mustang za kweli ziliruka chini kabisa juu ya kambi iliyojengwa Uhispania, na ukilitazama onyesho lile unaona jinsi ndege ile inavyoruhusu kamera ikae karibu. Kama hadithi yako haikubani, chukua Mustang. Kama ni ya Uingereza mwaka 1940, huna hiari: Mustang ilikuwa haijaingia vitani.

Ndege kubwa ni habari nyingine. Marekani iliunda ndege za mabomu za B-17 zaidi ya 12,700 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Miaka 44 baada ya vita, watayarishaji wa Memphis Belle waliweza kukusanya 5 zinazoruka, na mojawapo, iliyotoka Ufaransa, iliacha njia wakati wa kuruka kwenye kiwanja cha Binbrook, Uingereza, mwezi Julai 1989 ikaungua yote. Waliokuwa ndani, watu 10, walitoka hai. Baadaye hali ikawa nzito zaidi: Oktoba 2019 B-17 ilianguka Connecticut wakafa watu 7, na Novemba 2022 nyingine iligongana na ndege ya kivita katika maonyesho ya Dallas wakafa 6. Mwaka 2023 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza mihimili ya mabawa ikaguliwe kabla ndege hizo hazijaruka tena. Mtayarishaji wa leo anayetaka kundi la B-17 za kweli angani anaomba kitu ambacho hakipo tena.

Iweke B-17 ubavuni mwa Dakota uone tofauti. Dakota nayo ni ya vita vilevile, iliyobeba askari, chakula na majeruhi, na ziliundwa zaidi ya 10,000. Vita vilipokwisha haikuachwa ioze. Iliingia kazi ya abiria na mizigo dunia nzima, hata kwetu, ambako shirika la East African Airways lilizirusha kwa miaka mingi. Ndege iliyofanya kazi haikosi vipuri, mafundi wake hawajaisha, na marubani wa kuirusha wapo. Katika A Bridge Too Far (1977) Dakota za kweli zilimwaga askari wa miamvuli wa kweli. Injini ni 2 badala ya 4, mlango ni mpana, na ndani kuna nafasi ya kusimamisha kamera na watu wa sauti. Skripti ikiwa na nafasi ya kubadilisha onyesho la kudondosha mabomu liwe la kushusha askari au mizigo, mabadiliko hayo yatakuokolea fedha kuliko jambo jingine lolote utakalolifanya.

Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye bajeti. Paul Mantz, aliyekuwa mkubwa wa marubani wa Hollywood, alikufa Julai 1965 akirusha ndege iliyotengenezwa mahsusi kwa filamu. Mark Hanna, mtoto wa Ray niliyemtaja, alirusha ndege za zamani katika filamu kadhaa kabla ya kufa mwaka 1999 kwa ajali ya Buchón nchini Uhispania. Hawa walikuwa bora kuliko wote. Mwongozaji anapomwambia rubani ashuke kidogo tena, ajue anachokiomba. Kwa maoni yangu neno la mwisho juu ya urefu na kasi libaki kwa rubani peke yake, na liandikwe hivyo kwenye mkataba.

Kaimu

Hapa ndipo nitakapokaa.

Mwaka 1968, wakati filamu ya Battle of Britain (iliyotoka 1969) ikitengenezwa, Spitfire 27 zilikusanywa na 12 kati yake zikaruka. Upande wa Wajerumani haukuwa na Messerschmitt wala ndege za mabomu za Heinkel za kutosha popote duniani. Uhispania ilikuwa nazo za aina yake: Buchón kwa ajili ya Messerschmitt, na CASA 2.111 kwa ajili ya Heinkel 111, zote zimeundwa Uhispania kwa umbo la Kijerumani, na zote zikiwa na Merlin. Kwa hiyo katika filamu kubwa kuliko zote za vita vya angani, pande mbili zinazouana zinavuma kwa injini ya ukoo mmoja. Rubani mmoja Mmarekani alikubali kulipwa kwa ndege badala ya fedha, akazipeleka Buchón zake Texas. Nyingine zinaendelea na kazi ya kuigiza Ujerumani mpaka sasa. Ile ya Dunkirk ni ya ukoo huo.

Ujapani ilikuwa taabu zaidi, kwa kuwa ndege za kivita za Kijapani ziitwazo Zero, zenye uhai, zilikuwa haba mno. Watengenezaji wa Tora! Tora! Tora! (1970) walichukua ndege za mafunzo za Marekani wakazikata na kuziunga upya. Harvard, ambayo Wamarekani wanaiita Texan, ikawa Zero. BT-13, ambayo magurudumu yake hayakunjwi, ikawa Val, ndege ya mabomu ya Kijapani ambayo nayo haikunji magurudumu. Kwa ile ya kubeba torpedo waliunganisha sehemu za aina zote mbili na kurefusha kiwiliwili. Ndege zile zilitengenezwa kwa filamu moja, zikaishi kuliko filamu: hadi leo kikundi cha Commemorative Air Force huzirusha katika maonyesho nchini Marekani, na zimeazimwa na filamu nyingine, ikiwemo Pearl Harbor (2001).

Ukitaka kumchagua kaimu, ujue kwanza kinachomfichua:

| Ndege inayotakiwa | Kaimu | Kinachomfichua |
|---|---|---|
| Messerschmitt 109 | Buchón | Mabomba ya moshi yako juu. Kidevu kimefura |
| Heinkel 111 | CASA 2.111 yenye Merlin | Sura ya pua za injini |
| Zero | Harvard | Kioo kirefu cha watu wawili. Ukingo wa mbele wa bawa umelala nyuma |
| Spitfire, uso wa mwigizaji tu | Yak-52 iliyogeuzwa | Pua pana ya injini ya duara. Viti viwili |

Mstari wa mwisho unahitaji maelezo. Spitfire nyingi zina kiti kimoja, na mwigizaji hawezi kuachiwa usukani. Kwa Dunkirk, Yak-52, ndege ya mafunzo ya Kirusi yenye viti viwili, ilivishwa sura ya Spitfire, mwigizaji akakaa kiti kimoja na rubani wa kweli kingine. Kamera ilifungwa kwa namna ambayo unauona uso, bega, kipande cha bawa na bahari nyuma yake. Pua haionekani. Kazi ya kaimu yule ilikuwa kumpa mwigizaji anga ya kweli, na ndiyo maana shingo yake inapambana na mzunguko na macho yake yanakunjwa na jua lenyewe. Spitfire 3 za kweli zilishughulikia zilizobaki.

Kaimu anataka mpiga picha mwenye nidhamu. Harvard ikija usoni, jua likiwa nyuma yake, ni duara la injini na mstari wa mabawa, na mtu yeyote ataamini ni Zero. Ikigeuka ubavu kwa sekunde 3, kioo chake kirefu kinatoboa siri. Basi iache ije, ipite, ikatwe. Usiifuate na kamera mpaka upeo wa macho kwa kuwa tu inapendeza. Rangi nazo hufanya kazi kubwa kuliko umbo. Katika Dunkirk pua ya ndege ya Kijerumani ni ya njano, ingawa rangi hiyo ilienea kwenye ndege zao baada ya tukio lenyewe la mwaka 1940. Mwongozaji Christopher Nolan aliona afadhali mtazamaji ajue papo hapo nani ni nani. Mimi naliunga mkono kosa hilo la makusudi. Vita vya angani hupita upesi, na mtazamaji asiyejua anayekimbizwa ni nani ameshaachwa nyuma.

Buchón au Harvard, basi? Buchón ni adimu, ni ngumu kuitua, na inaweza kuwa ndege moja tu. Harvard ziliundwa zaidi ya 15,000, zimefundisha marubani wa nchi nyingi, na zimevaa nguo za kila jeshi. Ina viti viwili, kwa hiyo mwigizaji anapanda. Injini yake, Wasp ya nguvu za farasi 600, ni ya duara: silinda 9 zimesambaa kama spoki za baiskeli, na zinapozwa kwa upepo, kwa hiyo hakuna maji ya kuchemka mwongozaji akichelewa. Haipo ndege ya zamani ninayoweza kuipendekeza kwa moyo mweupe kuliko hii.

Hata kuiwasha ni onyesho tosha. Ikikaa muda bila kuwashwa, mafuta ya kulainishia hushuka na kutuama kwenye silinda za chini. Fundi haiwashi kwa pupa. Huishika propela kwa mikono na kuizungusha taratibu, upanga mmoja baada ya mwingine, akisikilizia kama kuna mahali inagoma. Ndipo rubani anapoamsha injini. Inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena, wingu la moshi mweupe wenye ubuluu linafunika pua yote, kisha silinda zinaitikiana na nyasi za nyuma zinalala chini. Ukiwa na asubuhi moja tu ya kukodi Harvard, usiitumie yote angani. Weka kamera mbili ardhini wakati wa kuiwasha. Hakuna programu inayouigiza ule wasiwasi wa sekunde chache kabla injini haijakubali.

Mfano wa ardhini

Juu ya njia hii sina mengi. Mfano wa ukubwa kamili ni wa kuegesha nyuma ya waigizaji, kupanda, kushuka, kulipua na kuchoma. Masters of the Air (2024), hadithi ya kikosi cha B-17, haikurusha B-17 hata moja: ilijenga mifano ya ukubwa kamili, na maonyesho ya angani yakarekodiwa ndani ya studio, waigizaji wakiwa kwenye vipande vya ndege vilivyozungukwa na skrini kubwa zinazoonyesha mawingu na mapigano. Faida kubwa ya skrini hizo ni mwanga: ndege ya adui ikilipuka kushoto, mwangaza unampiga mwigizaji shavu la kushoto.

Kwetu, mfano una nafasi ambayo watu hawaioni. Fundi anayekunja bati la matatu kwa nyundo na kulipaka rangi mpaka ling'ae anaweza kukujengea chumba cha rubani wa Harvard, maana ni bati lililokunjwa, fremu ya vioo, kiti, na saa za mviringo. Mpe vipimo na picha zilizopigwa karibu. Hakuna haja ya kujenga ndege nzima ikiwa kamera itaona kuanzia bega la rubani mpaka kwenye kioo.

Kompyuta

Kompyuta inashinda pale wingi unapotakiwa. Filamu ya Catch-22 (1970) ilikusanya ndege za mabomu za B-25 kumi na kadhaa Mexico na kuzirusha pamoja, jambo ambalo halitarudiwa. Leo ukitaka ndege 50 kwenye upeo wa macho, zichore. Inashinda pia pale ndege inapotakiwa kuvunjika, na pale ndege yenyewe haipo tena duniani.

Inashindwa pale anayeitumia anaposahau kwamba kamera ni kitu chenye mahali. Kamera ya kweli hukaa kwenye ndege nyingine, na ndege hiyo nayo ina mwendo, mtikisiko na mipaka. Battle of Britain ilirekodiwa kwa sehemu kutoka ndani ya B-25 iliyopakwa rangi kali ili marubani wengine waione kwa mbali. Kwa sababu hiyo unahisi mtu yupo pale anayetazama. Picha ya kompyuta inayompitisha mtazamaji katikati ya propela na kutokea upande wa pili inamtoa kwenye vita na kumuingiza kwenye mchezo wa video. Mwambie mchoraji wako aweke kamera mahali ambapo mtu angeweza kukaa.

Mpe pia mawingu. Hili lilijulikana tangu filamu zisizo na sauti: William Wellman alipotengeneza Wings (1927) huko Texas alisubiri mawingu siku nyingi huku studio ikilalamika, na Howard Hughes alifanya vivyo hivyo kwa Hell's Angels (1930). Ndege kwenye anga tupu huonekana imesimama. Wingu likiwa nyuma yake ndipo kasi inaonekana. Ajabu ni kwamba kompyuta inayoweza kuweka wingu lolote bado hutuletea anga safi kama shuka.

Hadithi ya kwetu, na ndege zake

Sasa nije kwa wale wanaoniuliza. Wengi wana skripti ya Mau Mau, na wengi wameandika sentensi kama hii: ndege za Waingereza zinapiga msitu wa Nyandarua. Zilikuwa ndege gani?

Kuanzia mwaka 1953 mpaka 1955 jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na kikosi cha Harvard nchini, Flight 1340, ambacho kituo chake kikuu kilikuwa Mweiga, karibu na Nyeri. Zile ndege za mafunzo zilifungwa bunduki na mabomu madogo ya pauni 20 chini ya mabawa, zikatumwa juu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Kutoka Eastleigh, kiwanja ambacho leo ni Moi Air Base, ziliruka Lincoln, ndege nzito za injini 4 zilizotokana na Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza, zikidondosha mabomu ya pauni 500 na 1,000. Tena zilikuwepo ndege ndogo, za polisi wa akiba na za jeshi: za kutafuta kambi kwa macho, na nyingine zilizofungwa vipaza sauti kuwatangazia waliokuwa msituni wajisalimishe.

Harvard iliyoigiza Zero ya Kijapani katika filamu moja baada ya nyingine ilikuja kwetu ikiwa yenyewe, na mabomu yenyewe. Sijaona kwa nini mtu atumie kompyuta kwa ndege ambayo bado inaruka, tena barani mwetu. Jeshi la anga la Afrika Kusini lilifundishia marubani wake kwa Harvard hadi mwaka 1995, na kadhaa bado zinarushwa huko na wapenzi wake.

Je, ilete Nyeri au uifuate Afrika Kusini? Nimelitafakari, na jibu langu ni uifuate. Safari ya kuja ni karibu kilomita 3,000 kwa ndege inayotua mara kwa mara kutia mafuta, ikipita nchi kadhaa na vibali vyake. Ikifika, inakuta Mweiga iko juu, hewa ni nyepesi, injini ya zamani inapungukiwa nguvu na kuhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Na kilele cha Nyandarua kinakaribia mita 4,000, mawingu yakishuka bila kubisha. Marubani wa 1953 walilazimika. Wewe hulazimiki. Rekodi ndege huko, kwenye milima isiyo na alama inayojulikana, asubuhi na jioni. Rekodi msitu wetu hapa kwa droni yenye kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Angalia jua liwe upande mmoja katika picha zote mbili, kisha mhariri aziunge. Chumba cha rubani kijengwe hapa, kwa waigizaji wako, na fundi wako wa bati.

Kwa Lincoln hakuna cha kukodi, kwa kuwa hakuna hata moja inayoruka. Hapo ndipo fedha ya kompyuta iende, na hata hapo ionyeshe kidogo: kivuli kikubwa juu ya miti, matumbo yanayofunguka kati ya mawingu, kisha chini, kwa watu. Hadithi ni ya waliokuwa chini. Ndege ndogo ya kipaza sauti ndiyo rahisi kuliko zote, maana ndege nyepesi za umri ule bado zinaruka sehemu nyingi, na naona ndiyo onyesho lenye nguvu kuliko mabomu: sauti ya lugha ya mama ikishuka kutoka angani, ikiwaita watu watoke.

Aliye na hadithi ya zamani zaidi, ya mwaka 1915 katika delta ya Rufiji, ambako ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zilielekeza mizinga ya meli za Waingereza, Severn na Mersey, mpaka meli ya Kijerumani ya Königsberg ikamalizwa tarehe 11 Julai, ataangukia mfano na kompyuta. Ndege zile zilikuwa Farman na Caudron, na Caudron ilikuwa mbao, kamba na kitambaa. Seremala wa majahazi anaweza kukusaidia kuliko fundi wa ndege.

Kwa filamu ya Mau Mau limebaki jambo moja, sauti. Propela ya Harvard imefungwa moja kwa moja kwenye injini, bila gia ya kupunguza mzunguko, na wakati wa kuruka ncha zake hukaribia kasi ya sauti. Ndiyo sababu ina mngurumo mkali wa kukwaruza unaosikika kabla ndege haijaonekana, na ambao haufanani na Merlin hata kidogo. Nimesikia filamu ambazo Harvard yake imewekewa sauti ya Spitfire kutoka maktaba ya sauti. Usifanye hivyo kwa hadithi hii. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 Nyeri mwaka 1953 sasa ana zaidi ya 80, na bado wapo. Rekodi Harvard yako ikipita chini, rekodi kwa mbali pia, nyuma ya kilima. Kabla hujafunga sauti ya onyesho, ipeleke kwa wazee hao, wape spika nzuri, umkalishe kila mmoja peke yake, na uulize ni ipi kati ya hizo mbili, ya karibu au ya mbali, waliyoisikia wakiwa shambani.